Kushona viraka kwa karatasi: mwongozo kamili kwa mwenye kanga kuukuu na kadi za harusi

Kadi ya mwaliko ikishapita siku ya harusi huwa haina kazi tena, na nyumba nyingi hapa Unguja zina rundo lake ndani ya droo au juu ya kabati. Usizitupe. Kwa anayetaka kujifunza kushona viraka kwa karatasi, kadi hizo ni nusu ya vifaa. Nusu iliyobaki ni kanga kuukuu, na mabaki ya vitambaa ambayo fundi cherehani atakupa bure ukimwahi kabla hajafagia.

Huu ni mwaka wa sita nashona hivi, barazani kwetu Kikwajuni, baada ya sala ya alasiri mpaka jua linapoanza kuzama. Nimemfundisha binti wa dada yangu na majirani wawili, na wote watatu walikwama mahali pamoja. Hawakukwama kwenye sindano. Mwanamke aliyekulia katika nyumba ya washona kofia, sindano anaijua tangu utoto. Walikwama kwenye karatasi: walitaka kushona kabla karatasi zao hazijawa sawa. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye karatasi, na mengine utayapita kwa haraka zaidi.

Kazi yenyewe iko hivi. Unakata karatasi kwa umbo kamili unalolitaka, mara nyingi pembesita. Unakunja kitambaa juu yake na kukipiga bandi, yaani mishono ya kukishikiza tu. Ukishapata vipande kadhaa, unaviunga ukingo kwa ukingo kwa mkono. Kipande kikishazungukwa na wenzake pande zote, unaichomoa karatasi, na kitambaa kinabaki na umbo lile lile. Kwa nini karatasi? Kwa sababu kitambaa kikikatwa mshazari kinavutika, na katika pembesita kingo mbili tu ndizo zinazofuata uzi ulionyooka. Nne zilizobaki ni za mshazari. Bila karatasi kila kipande kinajiamulia ukubwa wake, na ukifika cha kumi na mbili pembe hazikutani tena.

Waingereza ndio waliosifika kwa njia hii, hata duniani inaitwa kwa jina lao. Upo Uingereza mfarishi wa hariri, yaani kifuniko cha kitanda cha viraka, wenye tarehe ya 1718 ulioshonwa hivi hivi, na mwaka 1835 jarida moja la wanawake la Philadelphia, Marekani, lilichapisha mfano wa pembesita kwa wasomaji wake. Mifarishi mingi ya zamani ya huko imekutwa na karatasi bado zimo ndani: barua, risiti, kurasa za madaftari ya hesabu. Lakini kuunga vipande si jambo geni kwetu. Kanga yenyewe husimuliwa kuwa ilianza hivyo, karne ya 19: wanawake wa mwambao walinunua leso za mraba zikiwa bado hazijatenganishwa kwenye jora, wakazishona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja. Na ng'ambo ya bahari, kule Karnataka, India, wako Wasidi, watu ambao wazee wao walitoka Afrika. Wanawake wao hushona mifarishi ya viraka inayoitwa kawandi, wakianzia pembeni na kuelekea katikati, bila karatasi yoyote. Kila nikikata kanga kuukuu huwakumbuka.

Kuchagua kitambaa

Kanga ni pamba nyepesi iliyofumwa sawasawa, inakubali mkunjo, na pasi inaitii. Sijapata kitambaa kizuri kuliko hiki kwa kuanzia. Kitenge nacho kinafaa, ila kama ni kizito mno usikichanganye na kanga iliyokwisha kulainika, maana kizito kitamvuta mwenzake na mshono utaachia upande dhaifu. Shifoni, kitambaa cha buibui na chochote kinachoteleza mkononi viache kwanza. Utavirudia ukishapata uzoefu.

Kanga kuukuu iangalie kwenye mwanga kabla ya kuikata. Inyanyue mbele ya dirisha: pale pa kukalia na pale pa kufungia kiunoni patakuwa pamepukutika, mwanga unapita kama kwenye chekeche. Hapo usikate. Pindo huwa bado lina nguvu hata mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, ukiwa umechoka, na mapindo ya kanga yana maua madogo madogo yanayokaa vizuri ndani ya kipande cha inchi moja.

Kanga mpya ina wanga wa kiwandani na inachuja. Ifue kabla ya yote. Iloweke peke yake kwenye beseni, uibadilishie maji mpaka yabaki meupe, kisha ianike na uipige pasi. Zaidi ya zote jihadhari na kanga ya kisutu: nyekundu yake na nyeusi yake ni nzuri mno ndani ya ua la pembesita zilizoungwa, lakini ikiwa haijaisha kuchuja itaharibu bafta yote nyeupe uliyoizungushia. Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Bana kipande kilicholowa kati ya vitambaa viwili vyeupe, kipige pasi, kisha tazama. Kikiacha hata doa jepesi, kirudishe kwenye beseni.

Kuhusu jina la kanga, mimi nina msimamo wangu. Majina mengi yametaja Mwenyezi Mungu, na hayo siyakati vipande, wala siyashonei mto wa kukalia. Nayakunja na kuyaweka. Majina mengine nakata, na napenda neno moja likitokea katikati ya ua, kama "subira" au "mama", likisomeka bila kukatika.

Hapo ndipo utakapohitaji dirisha. Chukua kadi ngumu, kata ndani yake tundu la pembesita lenye ukubwa ule ule wa karatasi zako, kisha litembeze juu ya kanga. Utaona hasa kitakachoonekana kipande kikimalizika: korosho nzima, nusu ya ua, au doa tupu la rangi. Ukipenda mahali, weka alama kwa penseli, halafu kata ukiongeza robo inchi kila upande. Watu wanaosifu mito yangu mara nyingi wanasifu kazi ya dirisha hili bila kujua.

Karatasi, na hapa usiharakishe

Karatasi ya daftari ni laini mno. Ukikunja kitambaa inakunjika nayo. Boksi la biskuti ni gumu mno. Halipindiki, na utahitaji kulipinda wakati wa kuunga. Kadi ya mwaliko ipo katikati kabisa. Lakini chagua isiyo na maandishi ya dhahabu. Mwaka wangu wa kwanza nilikata pembesita arubaini kutoka kwenye kadi za harusi ya ndugu yetu mmoja, kadi nzito nzuri, majina ya maharusi yameandikwa kwa rangi ya dhahabu inayong'aa. Nikazivisha bafta nyeupe, nikapiga pasi ya moto. Nilipozigeuza, dhahabu ilikuwa imeyeyuka na kupenya mpaka usoni. Kwenye kipande kimoja ungeweza kusoma herufi tatu za jina la bibi harusi, kinyumenyume. Haikutoka kwa sabuni wala kwa jua. Vipande vyote arubaini vikawa vya kufutia vumbi.

Umbo la kuanzia ni pembesita yenye upande wa inchi moja, au milimita 25. Chagua moja ya hizo mbili na usizichanganye, kwa sababu inchi ni milimita 25.4, na tofauti hiyo ndogo itajikusanya. Mimi natumia milimita 25.

Chukua bikari, ile ya mkebe wa hisabati wa watoto wa skuli. Ifungue milimita 25 na uchore duara. Bila kuigusa tena, weka ncha yake popote juu ya mstari wa duara na ukate alama, hamia kwenye alama hiyo ukate nyingine, mpaka uzunguke. Zitatoka alama sita, na ya mwisho itaangukia pale ulipoanzia. Ziunganishe kwa rula. Siri ni kwamba upande wa pembesita ni sawa na nusu kipenyo cha duara lake, ndiyo maana bikari haibadilishwi. Kama alama ya sita haikuangukia pa mwanzo, bikari yako imelegea. Kaza na urudie.

Hiyo ya kwanza ikate kwenye kitu kisichochakaa, kwa mfano kifuniko cha kopo la aiskrimu. Hii ndiyo mama. Karatasi zote zichore kutoka kwa mama, kamwe usichore kutoka kwenye karatasi uliyokwisha kuikata, kwani makosa yatazaa makosa. Penseli iwe na ncha kali, na mkasi upite ndani ya mstari, mstari wenyewe ubaki nje. Nalisema hili kwa sababu kila mtu hulidharau. Ukiacha unene wa nusu milimita kila upande, kila kipande kimezidi milimita moja. Vipande kumi kwa mstari vimezidi sentimita nzima. Mkasi wa karatasi uwe mbali na mkasi wa nguo, na mwambie kila mtu nyumbani.

Ukishakata saba, fanya jaribio kabla ya kugusa sindano. Weka moja katikati ya meza na uzizungushie sita. Zote zikae bila mwanya na bila kupandana, na kila pembe tatu zinapokutana zifunge kabisa. Kukiwa na mwanya, itafute iliyokosea na uitupe. Nimeona watu wakiibakiza wakisema kitambaa kitaficha. Hakifichi.

Mwisho, toboa tundu dogo katikati ya kila karatasi. Utanishukuru siku ya kuzichomoa.

Kupiga bandi

Sindano iwe nyembamba, namba 9 au 10. Uzi uwe mwembamba pia, wa rangi isiyopiga kelele. Kijivu au kaki hujificha karibu kila mahali. Kata urefu wa dhiraa moja, kuanzia ncha ya kidole mpaka kiwiko. Uzi mrefu zaidi ya hapo unajisokota na kuchakaa kabla haujaisha. Upitishe mara moja juu ya nta ya nyuki au mshumaa.

Kata mraba wa kitambaa wa inchi mbili na nusu. Mraba unatosha, huna haja ya kukata pembesita ya kitambaa, na ukipunguza pembe nne kidogo hapo baadaye, inatosha. Weka karatasi katikati, upande wa nyuma wa kitambaa, uibane na kibanio kidogo cha nywele. Kunja ukingo wa kwanza kuelekea kwako mpaka kitambaa kikumbatie karatasi, kisha ukingo wa pili juu yake. Hapo kwenye pembe, ambapo mikunjo miwili imepandana, piga mishono miwili midogo ndani ya kitambaa peke yake, bila kutoboa karatasi. Usikate uzi. Nenda kwenye pembe inayofuata, kunja, mishono miwili. Hivyo hivyo mpaka pembe ya sita, kisha funga.

Hapa weka jicho kwenye kidole gumba. Kidole kinasukuma kitambaa mpaka unahisi ukingo wa karatasi chini yake kama ukingo wa sahani, na hapo ndipo unapokunja, si kabla wala si baada. Kitambaa kikilegea, kipande kinakuwa kikubwa kuliko karatasi na jaribio lako la meza limepotea bure. Kikikazwa mno, karatasi inapinda kama jani kavu. Zunguka upande mmoja siku zote, ama kulia ama kushoto, ili mikunjo ya vipande vyote ielekee njia moja na isigongane.

Kipande cha kwanza kitakuchukua dakika kumi. Usihukumu kazi hii kwa hicho. Cha ishirini kitakuchukua dakika tatu, na kuanzia hapo mkono unakwenda wenyewe huku unazungumza na watu. Bibi yangu wa Wete, aliyeshona kofia za kiua maisha yake yote, alipoviona vyangu vya kwanza alivigeuza nyuma kabla ya kutazama mbele. "Mjukuu wangu," akasema, "kofia husemwa na ndani yake." Akanirudishia vitatu nivifumue.

Kuunga

Weka vipande viwili uso kwa uso, pembe juu ya pembe. Ingiza sindano kwenye kona, ukiacha fundo lifichike chini ya mkunjo, na uzungushie mishono miwili pale pale ili iwe nanga. Kisha endelea kuzungushia kando ya ukingo: sindano inaingia kitambaa cha nyuma na kutokea cha mbele, ikichukua nyuzi mbili au tatu tu za mkunjo, bila kugusa karatasi. Ukisikia sauti kavu ya mkwaruzo, umetoboa kadi, rudi nyuma. Mishono kumi na miwili kwa inchi inatosha. Washona kofia watataka kuweka ishirini, na si vibaya, ila mshono ukikaribiana mno ukingo unasimama kama ubavu.

Uzi uvute mpaka ukae, halafu uache. Usiukaze. Binti wa dada yangu aliniletea ua lake la kwanza akaniuliza, "Mama mdogo, mbona limenyanyuka katikati kama kawa?" Karatasi zake zilikuwa sawa, nilizipima mwenyewe. Ni uzi: kila mshono aliukaza kama anayefunga mzigo, na ukingo ukajikusanya. Akafumua, akashona upya kwa mkono mwepesi, likalala.

Kipande cha tatu ndicho kinachowatisha watu, kwa kuwa kinakaa kwenye pembe baina ya viwili vya kwanza. Kiunge upande mmoja mpaka kwenye kona, piga mishono miwili ya kukaza, halafu usikate uzi. Kunja vipande viwili, karatasi zimo ndani, mpaka ukingo wa pili ulingane na wa mwenzake, kisha endelea. Karatasi zinakubali kukunjwa katikati. Ndiyo sababu nilikataa boksi la biskuti. Ukikunjua, tazama nyuma ya kona hiyo. Kusiwe na tundu hata la ncha ya sindano.

Ua lenyewe ni moja katikati na sita pembeni, jumla saba. Ukiongeza duru ya pili unahitaji kumi na mbili, jumla 19. Duru ya tatu ni kumi na nane, jumla 37. Kila duru inazidi iliyotangulia kwa sita. Kwa rangi, ushauri wangu ni huu: katikati weka kipande kimoja chenye mvuto, duru ya kwanza rangi moja tulivu, duru ya pili ndipo uruhusu korosho na madoa ya kanga. Ukichanganya kila kitu tangu mwanzo, ua linapotea na jicho halijui pa kutua.

Ukichoka na pembesita, jaribu umbo la kashata, lenye pande nne sawa na ncha mbili kali. Kashata sita zenye ncha ya nyuzi 60 zikikutana kwa ncha zinatoa nyota. Ni ngumu zaidi. Kwenye kila ncha kali kitambaa kitaacha mkia unaochomoza nje ya karatasi. Usiukate wala usiulazimishe ndani. Uache ulale nyuma, na ukifika katikati, mikia yote sita igeuze upande mmoja izunguke kama feni.

Kuchomoa karatasi na kumaliza mto wa kwanza

Karatasi ya kipande kilichozungukwa pande zote inaweza kutoka. Ya pembeni ibaki, kwani ndiyo inayoshika umbo la ukingo. Piga pasi kwanza, kavu, upande wa nyuma, kisha tia ncha ya kijiti kwenye tundu ulilotoboa na uinyanyue. Kama hukutoboa karatasi kwa bandi, itatoka nzima na unaweza kuitumia tena mara nne au tano, mpaka pembe zake zilegee. Bandi yenyewe iache ndani, haidhuru kitu.

Usianze na mfarishi wa kitanda. Kitanda cha futi tano kwa inchi 80 kinakula pembesita karibu 1,850 za inchi moja, bila kuhesabu za ukingoni, na ni watu wachache wanaofika mwisho wa kazi yao ya kwanza ikiwa kubwa kiasi hicho. Anza na mto. Ua la vipande 37 lina upana wa karibu sentimita 30, nalo linakaa vizuri katikati ya mto wa inchi 16.

Kata bafta ya inchi 17 kwa 17. Piga pasi ua lako likiwa bado na karatasi za pembeni, ili ukingo wake uwe na mkunjo mkali, kisha ndipo uzichomoe. Liweke katikati ya bafta, libane kwa pini, lipige bandi, halafu lishonee kando kwa mishono midogo inayojificha chini ya mkunjo. Nyuma ya mto kata vipande viwili vya inchi 17 kwa 12. Kila kimoja kipige pindo la inchi moja kwenye upande mmoja mrefu. Vilaze juu ya uso wa mbele, uso kwa uso, mapindo yapandane katikati, zungusha mshono wa nusu inchi pande zote nne, geuza. Mto utaingia kwa katikati, bila zipu wala vifungo. Sufi inajaza vizuri mno kama unayo.

Siku ukifikia mfarishi, tabaka la katikati lisiwe zito. Vitabu vya nchi za baridi vinataka sponji nene, na kwetu sisi huo ni mzigo ambao hakuna atakayejifunika. Mimi naweka flana moja, au kanga ya pili iliyochoka, na chini yake bafta. Kisha napitisha bandi ndogondogo kufuata ndani ya kila ua, tabaka zote tatu kwa pamoja.

Kwa wenye cherehani

Ipo njia nyingine ya karatasi, nayo ni ya mashine: unashona juu ya karatasi yenyewe, ukifuata mistari iliyochorwa. Inafaa maumbo yenye ncha kali, kama tanga la jahazi, ambayo kwa mkono yanasumbua.

Chora jahazi kwa rula, mistari iliyonyooka tu, na kila sehemu uipe namba kwa mpangilio wa kushonwa. Hapa karatasi nyembamba ndiyo inayotakiwa, ya daftari inatosha. Gazeti hapana, wino wake unahamia kwenye nguo. Ukitoa nakala dukani, ipime kwa rula kabla ya kulipa, kwani mashine ya fotokopi hupunguza au kuongeza kidogo. Na ukumbuke kuwa picha itatoka imegeuka: kitambaa kinakaa nyuma ya karatasi, kwa hiyo jahazi ulilolichora likielekea Pemba litamalizika likielekea Dar es Salaam.

Kitambaa cha kwanza kiweke nyuma ya karatasi, uso nje, kifunike namba 1 na kuzidi robo inchi kila upande. Nyanyua mbele ya dirisha uone kama kimefunika. Cha pili kiweke juu yake, uso kwa uso, kingo zao zikizidi kidogo mstari baina ya 1 na 2. Geuza, shona juu ya mstari upande wa karatasi, ukianza mishono miwili kabla ya mstari na kumaliza miwili baada yake. Urefu wa mshono uwe mdogo, milimita moja na nusu, ili karatasi itoboke kwa karibu na ichanike kirahisi mwishoni. Kunja karatasi kwenye mshono, punguza kitambaa kibaki robo inchi, kunjua kipande cha pili, kipige pasi. Kisha cha tatu. Kosa la kila mwanafunzi ni kukata kipande kidogo. Hapa kata kikubwa kuliko unavyodhani.

Cherehani ya kuzungusha kwa mkono, kwangu mimi, ni bora kuliko ya umeme kwa kujifunzia hili, kwa kuwa unaisimamisha mshono ule ule unaoutaka. Sindano ya kazi hii itenge, maana karatasi inaiua makali.

Masika na utunzaji

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na hiyo ndiyo adui wa kazi ndefu kama hii. Pini usiziache ndani ya kitambaa usiku kucha. Asubuhi utakuta doa la kutu ambalo halitoki. Sindano zichome kwenye kipande cha sufu au uziweke ndani ya kichupa kikavu. Msimu wa masika karatasi zinalegea, kwa hiyo kata chache chache na uzihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti wenye kifuniko kinachobana. Vipande vilivyomalizika vitunge kwenye uzi mmoja, kumi kumi, ili ujue umefika wapi. Mkebe wangu una vipande 212 leo, vyote vya mapindo, na nimebakiwa na kanga mbili za kukata.

Mto ukichafuka ufue kwa mkono, maji ya baridi, bila kuusokota. Ukamue kwa kuubana ndani ya taulo, uanike kivulini, nyuma ikielekea nje.